Kanisa limejaa: tujenge ghorofa hapa Kayole au tuhamie Joska?

KatibuKayole:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa kamati ya maendeleo katika kanisa dogo la hapa Kayole, Nairobi. Mkutano wa washirika wote ni mwisho wa mwezi huu na naomba ushauri wa waliopitia haya.

Tulianza mwaka 2009 chini ya turubai, watu 35. Leo ibada ya pili inapita watu 400, na ukumbi wetu wa mabati unatosha 250. Jumapili iliyopita mvua ilitukuta katikati ya maombi, waliokuwa nje wakajifunika kwa viti vya plastiki na kusukumana mlangoni. Watoto wa Shule ya Jumapili wanafundishwa kwenye ujia wa kwenda chooni. Kila mtu akipita, mwalimu anajibana ukutani na wimbo unakatika.

Wazee wengi wanataka tuuze ploti hii ya futi 50 kwa 100 tununue nusu ekari Joska, nje ya Nairobi, kwa sababu familia nyingi changa zimejenga upande huo wa Kangundo Road. Wengine wanasema tuchukue mkopo wa benki tupande juu hapa hapa.

Kinachoninyima usingizi ni wale waliotuanzisha. Kuna mama mmoja, amepita miaka 70, anauza omena pale steji. Tulipokuwa tunanunua ploti hii alileta mchango wake umefungwa kwenye leso, karibu zote sarafu. Tulizihesabu pamoja mezani pangu, zikiwa bado zinanuka samaki. Sasa anakuja ibadani na mkongojo. Joska atafikaje? Na ngazi atapandaje?

MzeeWaUmoja:
Katibu, kabla ya kuhesabu pesa hesabuni watu. Sisi tulihamia Ruai kwa sababu ploti ilipatikana huko, hakuna aliyeuliza washirika wanaishi wapi. Walioandamana nasi hawakufika nusu. Wengine hawakukasirika wala kuaga, nauli tu iliwashinda wakatafuta kanisa la jirani.

Pitisheni daftari Jumapili mbili, kila nyumba iandike mtaa wake na inavyofika kanisani. Wakati huo anzeni ibada ya tatu saa moja asubuhi. Itawachosha mchungaji na wanakwaya, siwafichi, lakini itawapa muda wa kufikiri bila kusukumwa na mvua.

MpimaArdhi254:
Hiyo nusu ekari ina karatasi gani? Ukiambiwa ni cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, jua hiyo si hati miliki. Msitoe hata shilingi ya kushikilia kabla ya kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, na mpeleke mpimaji wenu mwenyewe ahakikishe vigingi. Mauzo ya ploti moja kwa watu wawili ni jambo la kila siku huko.

Joska nayo iko kaunti ya Machakos. Kama ardhi ni ya kilimo au makazi, maombi ya kubadili matumizi yanapelekwa Machakos, si Nairobi. Mkiona mto karibu, kumbukeni ubomoaji uliofuata mafuriko ya 2024: serikali iliwaondoa watu walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni.

Ardhi iandikwe kwa majina ya wadhamini waliosajiliwa, kamwe si kwa jina la mchungaji, hata awe mwaminifu namna gani. Akifa leo, kesho mtakuwa mahakamani na watoto wake.

Kuhusu ghorofa: msingi uliobeba mabati hauwezi kubeba zege. Mtabomoa na kuanza chini, na mtahitaji pa kuabudia wakati huo wote.

BintiWaKwaya:
Mimi ni mmoja wa hao wa Joska, ingawa kanisa langu ni lingine. Jumapili nilikuwa naamka saa kumi na moja, mtoto mgongoni, nauli ya watu watatu kwenda na kurudi. Hata hivyo nisingetaka kanisa la mama yangu liuzwe kwa ajili yangu. Tulianza tawi huku huku, ushirika wa nyumbani wa nyumba sita. Zilipofika 15 tukakodi darasa la shule, Jumapili peke yake. Mchungaji anakuja mara mbili kwa mwezi.

KatibuKayole:
Barikiwa dada. Mweka hazina wetu anaogopa sadaka itagawanyika.

BintiWaKwaya:
Itagawanyika, ni kweli. Mwaka wa kwanza kanisa mama ndilo lililotulipia kodi. Mkubaliane kiasi na muda kwa maandishi kabla hamjaanza.

KatibuKayole:
Nimerudi. Daftari lilipita Jumapili: nyumba 31 kati ya 118 ndizo zilizo upande wa Joska. Wazee wenyewe wameshangaa, walidhani ni zaidi ya nusu.

Jana nikapita kwa yule mama steji nikamweleza yote, ghorofa, Joska, tawi. Akafunga omena ya mteja, akanitazama. “Mimi mtanibeba popote. Hao watoto wa pale chooni mmewapangia wapi?”

Nilifungua michoro yote miwili jioni, wa ghorofa na wa Joska. Hakuna hata mmoja wenye darasa la watoto. Kamati inakutana Jumatano, na nimeliandika liwe la kwanza.