Naomba ushauri: nimweleze vipi mjomba kuhusu "uga wa msokoto"?

Habari zenu wanajamvi. Mjomba wangu, mstaafu mwenye kisukari, ameuziwa kadi ya plastiki yenye ukubwa wa kitambulisho, akaambiwa kwamba inatoa "uga wa msokoto" (kwa Kiingereza "torsion field") unaotibu maji, na sasa kila jioni huweka bilauri juu yake kabla ya kunywa.

Nilisoma fizikia kidogo, na ugumu wangu ni kwamba jina hilo si la kubuni. Mwaka 1922 mwanahisabati Mfaransa Élie Cartan alipendekeza kwamba anga-wakati (nafasi na muda zikichukuliwa kama kitu kimoja) inaweza kusokotwa, si kupinda tu kama katika nadharia ya Einstein, na miaka ya 1960 wanafizikia Kibble na Sciama wakauhusisha msokoto huo na spini ya chembe, yaani sifa yake ya asili inayofanana na kuzunguka. Lakini katika nadharia hiyo msokoto hausafiri: maada inapoishia nao unaishia hapo hapo, na ili athari yake ionekane unahitajika msongamano unaozidi kwa mbali sana ule wa kiini cha atomu. Kadi haiwezi kuupeleka kwenye bilauri. Madai ya vifaa vya namna hii yalivuma katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1980, na wanafizikia wa huko huko waliyakataa.

Nilipomweleza, alinijibu, "Mpwa wangu, si umekiri mwenyewe kwamba upo?" Nikanyamaza.

Naomba mnishauri namna ya kumweleza bila kumvunjia heshima, maana ameanza kuruka vidonge vyake. Je, nimpe bilauri mbili zisizo na alama, aitambue iliyokaa juu ya kadi?