Tupeane uzoefu: hedifoni za DJ zinazostahimili kazi

Mleta mada, DJ wa sherehe, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Mada hii ni kwa wale wanaopiga muziki kwa malipo, iwe ukumbini, baa, redioni, kwenye harusi au kwenye kigodoro cha mtaani, kwa sababu ukimuuliza muuzaji wa Kariakoo hedifoni ipi inadumu, jibu lake huwa ni ile aliyoishika mkononi. Hedifoni ya DJ haifanani na ya mtu anayesikiliza muziki sebuleni kwake. Huvaliwa sikio moja huku sikio la pili likisikiliza ukumbi, huvuliwa kwa mkono mmoja mara nyingi kwa usiku mmoja, hubanwa kati ya bega na shavu, hushinda shingoni, na alfajiri husukumizwa begini pamoja na nyaya na kontrola. Kwa hiyo naomba tusibishane ipi ina besi tamu. Tuambizane ni sehemu gani iliharibika kwanza, ilitengenezekaje, na kipuri kilipatikana wapi.

Nianze mimi. Hedifoni zilizonifia karibu zote zilikuwa na spika nzima kabisa. Kilichokufa ni waya, ama pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio, ama pale unapotoka kwenye jeki. Upande mmoja unakatika, unaupinda waya kidogo sauti inarudi, na wiki inayofuata haurudi tena hata uupinde vipi. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni waya unaochomoka, na la pili ni kwamba waya huo uuzwe peke yake. Kwa sasa natumia Sennheiser HD 25, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1988. Ina uzito wa gramu 140 hivi bila waya, upinde wake umegawanyika mara mbili ili ushike kichwa vizuri, na kikombe kimoja kinageuka ili sikio libaki wazi. Kilichonifanya niichague ni kwamba mito ya masikioni, upinde, waya na hata spika za ndani huuzwa kimoja kimoja, na unaweza kubadilisha kipuri mwenyewe mezani kwako. Sitaificha kasoro yake: inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, tena inabana, hivyo shughuli ikiwa ndefu masikio huuma.

Fundi wa vyombo vya sauti, Nairobi

Mimi si DJ, ila hedifoni zenu ndizo zinazonilipia kodi ya duka, kwa hiyo niruhusuni nichangie. Aliyoyasema mleta mada kuhusu waya ni kweli, na ningependa watu waelewe kwa nini hedifoni hurudi kwa fundi siku chache tu baada ya kutengenezwa. Ukiukata waya wa hedifoni hutakuta nyuzi za shaba tupu kama za waya wa umeme. Utakuta vijinyuzi vyembamba vya rangi nyekundu, kijani na rangi ya shaba, vilivyosokotwa pamoja na nyuzi laini za nailoni zinazoupa waya nguvu ya kuvutwa. Ile rangi ni vanishi inayozuia umeme usipite kutoka uzi mmoja kwenda mwingine, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Fundi anayejua kazi huweka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemu, huliacha lipate moto sawasawa, kisha hukizamisha kijiuzi ndani yake mpaka vanishi iungue, moshi kidogo utoke, na shaba ianze kung'aa. Asiyejua hugusisha tu, risasi ikaizunguka vanishi bila kushika, na wewe ukaondoka dukani ukisikia pande zote mbili kwa sababu siku hiyo bahati ilikuwa yako. Mkipeleka hedifoni kwa fundi, mwombeni afanye kazi hiyo mkiwa mmesimama hapo.

Pili, bawaba. Bawaba ya plastiki ikipasuka, gundi haisaidii, hata ile kali ya kukausha papo hapo, kwa sababu sehemu hiyo hupindwa na kuzungushwa kila mnapovaa na kuvua. Kabla ya kununua, geuza hedifoni utazame viungo vyake. Ukiona skrubu, ujue iliyoundwa hivyo inaweza kufunguliwa. Ukiona viungo vilivyobanwa kwa kulabu za ndani au kugandishwa kwa gundi, basi siku ikipasuka nitakachoweza kukufanyia ni kidogo sana. Na tafadhali sana, vueni kwa mikono miwili pale inapowezekana. Najua mkono mmoja uko kwenye miksa, lakini kuvuta kikombe kimoja kwenda pembeni ndiko kunakoipasua bawaba kuliko hata kuiangusha.

DJ wa harusi za wanawake, Mombasa

Asante kaka fundi, hiyo ya kusimama hapo dukani nitaifuata. Nina jambo ambalo wanaume hapa hawatalijua. Sisi tunaopiga kwenye shughuli za kina mama wengi wetu hufanya kazi tukiwa na ushungi, na hedifoni juu ya ushungi ni habari nyingine. Kitambaa kikiingia kati ya mto na sikio, mto hauzibi vizuri, besi yote inatoroka, na ukigeuza shingo unasikia mchakacho wa kitambaa kuliko wimbo unaouandaa. Hedifoni kubwa inayozunguka sikio huteleza juu ya kitambaa chepesi, wakati ile ndogo inayobana hutulia mahali pake, kwa hiyo ule mbano anaoulalamikia mleta mada kwangu mimi ni faida. Lakini adui mkubwa ni pini. Pini ya ushungi iliyokaa karibu na sikio hutoboa mto kidogo kidogo bila wewe kujua, na ngozi bandia ikishapata tundu hupasuka kuanzia hapo. Siku hizi pini zangu hukaa chini ya kidevu tu, na ushungi wa kazini huwa ni wa kitambaa cha jezi kinachonyumbuka, usiohitaji pini nyingi.

Kuhusu mito yenyewe, huku pwani tusidanganyane. Jasho, mafuta ya nywele na unyevu wa hewa huila ngozi bandia hata kama hedifoni imekaa kabatini, ikaanza kukunyunyizia vipande vyeusi mashavuni mbele ya biharusi. Mimi mito naihesabu kuwa ni kitu cha kutumika na kwisha, kama betri, na huibadilisha kabla ya msimu wa harusi unaotangulia Ramadhani. Niliwahi kujaribu mito ya kitambaa laini cha mahameli. Ni kweli haichanikichaniki na haichomi ngozi, lakini inapitisha sauti ya ukumbi, na ukumbi wenye vigelegele haukuachii nafasi ya kupitisha kitu. Baada ya kazi naipangusa kwa kitambaa kikavu, naiacha ipate hewa, ndipo naiweka kwenye mkoba. Spirti siitumii kabisa kwenye ngozi bandia, maana huikausha na kuipasua.

Mtangazaji na DJ wa redio, Arusha

Nitapingana kidogo na mleta mada kuhusu waya unaochomoka. Studio nyingi za redio zina Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991, ambayo waya wake ni wa springi na hauchomoki, na bado inafanya kazi miaka na miaka kwa sababu haitembezwi. Tundu la kuchomekea waya nalo ni sehemu ya kuharibika. Likilegea, hata waya mpya hausaidii, na kutengeneza tundu lililo ndani ya kikombe ni kazi kubwa kuliko kutengeneza waya. Kwa hiyo swali si kama waya unachomoka, bali unashikwa na nini. Audio-Technica ATH-M50x, iliyokuja mwaka 2014 baada ya ATH-M50 ambayo waya wake haukuchomoka, ina kichomeo chembamba cha milimita 2.5 ambacho unakizungusha kidogo kikajifunga. Kinashika vizuri, ila waya wa kawaida wa simu hauingii, kwa hiyo ukikatikiwa njiani huna cha kuazima. Pioneer kwenye HDJ-X10 walitumia XLR ndogo, kichomeo cha jamii ya vile vya maikrofoni za jukwaani, ambayo hujifunga kwa kubofya na ambayo fundi wa vyombo vya jukwaani anaijua. Kwa anayesafiri na vyombo, ningependa huo wa mwisho. Kwa anayekaa studio kama mimi, waya usiochomoka haunisumbui hata kidogo.

DJ wa singeli, Dar es Salaam

Kuna wadogo zetu wananiuliza kila siku kama wanaweza kuondoa tatizo la waya kwa kununua hedifoni za Bluetooth. Jibu ni hapana, na sababu yake ni hesabu. Singeli inakimbia midundo 200 kwa dakika na zaidi, maana yake kutoka mdundo mmoja hadi unaofuata ni milisekunde 300 au pungufu. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 na kuendelea. Yaani unachokisikia sikioni kimekwisha kupitwa na nusu mdundo na kile kilichoko kwenye spika, na hapo huwezi kulinganisha midundo ya nyimbo mbili kwa sikio. Zipo chache zisizo na waya zilizoundwa kwa ajili ya kazi hii kwa mfumo mwingine wa mawasiliano, lakini nazo zina betri, na betri huwa na siku zake.

DJ wa baa, Mwanza

Mimi nitasema lisilopendwa hapa. Kwa malipo ya baa zetu, hedifoni ya bei kubwa ni mtaji uliolala. Nanunua mbili za bei ya chini, moja masikioni na moja begini, na ikifa moja shughuli haisimami. Hedifoni ya gharama ikiibwa au ikimwagikiwa bia, hakuna kipuri kitakachokusaidia, na kwenye baa hivyo viwili hutokea kuliko waya kukatika.

Mleta mada

Mkuu wa Mwanza, hoja ya kuwa na ya akiba naikubali kabisa, hata mwenye hedifoni ya gharama anaihitaji. Ila nitakuomba ulinganishe bei ya waya au mito pekee na bei ya hizo mbili zako kila zinapokufa. Kwa kazi za kila wikendi, hesabu yangu inaangukia kwenye vipuri. Kwa kazi za mara moja moja, huenda wewe ndiye uliye sahihi. Kwa wanaotaka kuufuata mkondo wa vipuri hadi mwisho, kampuni ya AIAIAI ya Copenhagen ilitoa mwaka 2015 TMA-2, ambayo upinde, spika, mito na waya huchaguliwa na kununuliwa kila kimoja peke yake. Tatizo kwetu ni kwamba huagizwa nje, na kipuri kinachokaa forodhani hakikusaidii Jumamosi usiku.

DJ wa klabu, Nairobi

Wote mmezungumzia kudumu kwa hedifoni, na hakuna aliyetaja kwamba spika ya ndani pia huungua, na huungua kwa sababu ya hedifoni isiyoziba kelele. Ukiwa mbele ya monita, yaani spika zinazomwelekea DJ, zinazounguruma na mito yako imechoka, unapandisha sauti mpaka mwisho ili usikie, kiwambo, ule utando wa spika unaotetemeka, kinaanza kukwaruza, na masikio yako yanapata kipigo hicho hicho. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15 tu. Hedifoni iliyofungwa nyuma na yenye mto mzima hukuruhusu uteremshe sauti, na hapo unalinda vyote viwili.

Angalieni na omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme; zikiwa nyingi, huhitaji kifaa chenye nguvu zaidi kuisukuma. Beyerdynamic DT 770 Pro, ambayo ni hedifoni imara sana ya studio, huuzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ile ya 250 ukiichomeka kwenye kontrola ndogo inayokula umeme wa USB, sauti itakuwa hafifu, na utapandisha mpaka mwisho ukipata mkwaruzo badala ya nguvu. HD 25 ina omu 70 na husukumwa bila shida.

DJ wa harusi, Muscat

Ndugu zangu, kwetu huku joto la kiangazi hupita nyuzi 40 kivulini, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya hapo sana. Gundi ya mito hulegea na ngozi bandia hunata, kwa hiyo hedifoni haiachwi garini hata ukiingia dukani mara moja. Na wanaoagiza kutoka masoko ya Ghuba wawe macho na bandia. Modeli maarufu ndizo zinazoigwa zaidi. Ishike mkononi, maana bandia mara nyingi huwa na uzito usiolingana na ule wa kampuni, tazama kama namba ya boksi inafanana na iliyo kwenye hedifoni yenyewe, na jaribu kuchomoa waya na mito mbele ya muuzaji. Muuzaji asiyeruhusu umekwisha kupata jibu lako. Mimi huanza kwa kuulizia mito ya akiba ya modeli hiyo kabla sijaulizia bei ya hedifoni.

DJ wa harusi za wanawake, Mombasa

Basi niulize hapo hapo. Mito ya kampuni nikiikosa nikapata ya kuigiza inayoingia vizuri, sauti itabaki ile ile?

Fundi wa vyombo vya sauti, Nairobi

Haitabaki ile ile, dada, ila inaweza kukaribia. Mto mnene kuliko wa asili huisogeza spika mbali na sikio, na mara nyingi besi ndiyo hupungua kwanza. Mto laini mno nao hukandamizwa mpaka sikio likagusa kiwambo. Chukua mto wako wa zamani ambao haujabonyea sana, pima unene wake na upana wa tundu la katikati kwa rula, kisha mwulize muuzaji vipimo hivyo viwili badala ya jina la modeli. Angalia pia kile kitambaa chembamba kinachofunika tundu, kwa sababu mito mingi ya kuigiza huja bila hicho, na vumbi na nywele huingia moja kwa moja kwenye spika. Kama mpya haina, kibandue cha zamani taratibu ukihamishie humo.