Mrejesho: nimeijaribu krimu kwa njia zote mbili

Wapendwa, niliuliza njia ipi bora ya kujaribu kama krimu mpya itanidhuru ngozi kabla ya kuipaka usoni: kuifunika kwa plasta saa 48, au kuipaka wazi kwenye mkunjo wa kiwiko mara mbili kwa siku. Nimefanya zote. Nilipobandua plasta ngozi ilikuwa shwari kabisa. Ningeishia hapo, ningejipaka uso mzima. Kumbe kwenye kiwiko, siku ya 5 jioni, vikatokea vipele vidogo vyekundu, vinawasha hasa nikikunja mkono. Daktari wa ngozi kanieleza kwamba mzio wa aina hii huchelewa, ndiyo maana wao huangalia tena baada ya saa 72 hadi 96. Na tafadhali, sabuni na shampuu msizifunike kwa plasta, zitawaunguza bure. Krimu nimeiacha. Asanteni sana mliosema nisiharakishe.