MREJESHO: Kisima chenye aseniki, Geita

Wakuu, niliuliza kama kuchemsha maji ya kisima kunaondoa aseniki, ile sumu inayoyeyuka kwenye maji. Asanteni sana mlionizuia: haiondoki, maji yanapungua lakini aseniki inabaki. Maabara ilikuta zaidi ya mara tatu ya kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani), mikrogramu 10 kwa lita, na maji meupe pe, hayana harufu wala ladha! Chujio la mkaa tulilofunga halikutosha, kipimo cha pili bado kilikuwa juu. Kilichotuokoa ni ushauri wa kukinga mvua kwenye simtanki: ndiyo tunayokunywa, kupikia na kumkorogea mtoto uji. Ya kisima ni ya kufulia na kudekia tu. Kiangazi tanki linakauka, tunanunua kwa ndoo, na bei inauma. Jirani naye kapeleka sampuli.