Natamani kuanza kutoa mada na kujitolea kwenye jamii ya watu wa databesi, nianzie wapi?

Mlinzi_wa_Seva (Dar)

Wakuu habari za leo. Mimi ni DBA (msimamizi wa databesi) kwenye taasisi moja ya fedha, nashughulika na SQL Server, mfumo wa databesi wa Microsoft, muda wote. Miaka yote hii nimekuwa naishi kwa jasho la watu. Skripti za Ola Hallengren ndo zinanipigia bakapu na kuangalia indeksi (orodha za kutafutia data haraka) usiku, seva ikianza kusuasua nakimbilia sp_WhoIsActive ya Adam Machanic inionyeshe nini kinaendelea ndani, kuhamisha databesi natumia dbatools ambayo aliianzisha Chrissy LeMaire na sasa inaandikwa na watu kibao, na vyote hivyo sijalipia hata senti. Nimefika mahali naona na mimi nirudishe kitu.

Shida ni kwamba sijui nianze kwa kujitolea kwanza au nitume mada moja kwa moja. Sijawahi kusimama mbele ya watu nje ya ofisi, na bosi ananiuliza hii kitu itatusaidia nini.

Kitu ninachokijua vizuri kabisa ni hiki. Kutafuta mteja kwa namba ya simu kulikuwa kunachukua muda mpaka watu wa kaunta wanalalamika, indeksi ipo, takwimu ambazo SQL Server inazitumia kupanga utafutaji ziko freshi. Kumbe kolamu ya simu ni varchar (aina ya maandishi ya kawaida), halafu programu inatuma namba kama nvarchar (maandishi ya Unicode, yanayobeba herufi za lugha zote), na kwa SQL Server nvarchar ina cheo kikubwa kuliko varchar, kwa hiyo anayebadilishwa ni kolamu, mstari kwa mstari, indeksi yote inasomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kumtafuta mtu mmoja. Tuliposahihisha aina ya parameta kwenye programu ikawa unabonyeza na jibu liko hapo. Hii inatosha kuwa mada au ni kitu kidogo mno?

Binti_Pangani (Atlanta)

Karibu sana kaka yangu. Mimi huku niko kwenye SQLSaturday, mikutano ya Jumamosi ya watu wa databesi, kama mtu wa kujitolea, na nakushauri uanze na hapo.

Wengi wanadhani haya mambo yana kampuni kubwa nyuma yake. Ya kwanza ilifanyika Orlando, Florida, Novemba 2007, wakiwemo Andy Warren, Brian Knight na Steve Jones, wazo likiwa ni watu wa kazi wakutane Jumamosi wafundishane bure. Mpaka leo anayehudhuria halipi kiingilio, labda hela ya chakula cha mchana, gharama zinabebwa na wadhamini, na mtoa mada halipwi, nauli na hoteli ni juu yake. Ukilielewa hilo utaona kwa nini mtu wa kubeba viti ana thamani.

Mi kazi ninayoipenda ni kusimamia chumba. Unafika mapema, unahakikisha projekta inaongea na laptopu ya mtoa mada, unahesabu watu, unamwonyesha kikaratasi cha dakika 10, cha 5, halafu mwisho unakusanya fomu za maoni. Ukikaa hapo siku nzima unaona wengi wanavyofanya, nani kaanza na maelezo marefu ya wasifu wake na watu wakaanza kuchungulia simu, nani kaanza na tatizo na chumba kikatulia. Na waandaaji wanakujua kwa jina, mtoa mada akikwama uwanja wa ndege wanajua wa kumuuliza.

Nairobi_DBA

Dada umesema kweli lakini hapo kwa kuanza na viti tofauti kidogo. Nimeona watu wazuri wakibaki mlangoni wakigawa vitambulisho mwaka baada ya mwaka, kila mara wanasema bado hawajawa tayari, na kile wanachokijua hakuna anayekisikia. Mkuu fanya vyote pamoja, jitolee na mada utume.

Hiyo ya varchar na nvarchar ni mada tosha kabisa, nani amekudanganya ni ndogo? Iko na mlalamikaji, iko na ushahidi kwenye mpango wa kwiri (mchoro wa jinsi SQL Server inavyotafuta data uliyoomba), unaona CONVERT_IMPLICIT, yaani ule ubadilishaji wa kimyakimya, na onyo la njano pale, iko na suluhisho. Ila jiandae na swali moja, kuna mtu atainua mkono aseme kwake indeksi inatumika tu vizuri. Atakuwa sahihi. Koleshoni (kanuni za kulinganisha na kupanga maandishi) zinazoanza na SQL_ ndizo zinaleta ile skani nzima, kusoma indeksi yote, zile za Windows mara nyingi bado unapata siki, kwenda moja kwa moja kwa unachotafuta, ingawa na kazi ya ziada. Onyesha zote mbili kwa demo, hapo watu watajua unajua.

Kwa kuanzia tafuta New Stars of Data, iko mtandaoni na ni ya watu ambao hawajawahi kutoa mada, unapewa mlezi mzoefu anakaa na wewe mpaka siku yenyewe. Matukio mengi yanapokea maombi kwa Sessionize, tovuti ya kutumia mada, ukishaandika wasifu na maelezo ya mada mara moja unatumia hayo hayo kwingine.

Kitu kimoja nakuomba kwa dhati, usichukue hata mstari mmoja wa data ya wateja kwa demo yako, hata ukificha majina. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Sisi Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019, nyinyi Tanzania yenu ni ya 2022. Pakua WideWorldImporters, databesi ya mfano ya Microsoft, iko bure, au tengeneza namba za uongo milioni moja kwa skripti, uweke kwa SQL Server Developer, toleo la kujifunzia na kujaribia, ambayo pia hailipiwi. Na bosi mwonyeshe hivyo, mtu anayejiandaa kufundisha analazimika kujua kwa nini, si jinsi tu, na faida inarudi hapo ofisini.

Mzee_Kolamu

Vijana mmeongea vizuri, naongeza la upande wa pili. PASS, chama cha watumiaji wa SQL Server, ilianzishwa 1999 na Microsoft pamoja na kampuni ya Computer Associates, ikawa ndo nyumba ya watu wa SQL Server dunia nzima, vikundi vya mijini, SQLSaturday, kongamano la kila mwaka. Fedha zake nyingi zilitegemea kongamano hilo moja. Korona 2020 likahamia mtandaoni, mapato yakaanguka, na Januari 2021 chama kikafungwa. Redgate, kampuni ya zana za databesi, wakanunua mali zake, SQLSaturday ikaja kusimama yenyewe kama taasisi isiyo ya faida. Watu walijitolea pale miaka na miaka bila mshahara, halafu wakaamka tovuti iliyobeba kazi zao inazimwa, ikabidi wengine wahangaike kuokoa slaidi na rekodi.

Kwa hiyo jitolee, mimi naamini sana katika hilo, lakini slaidi zako na skripti zako weka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikisha kazi za programu, kwa jina lako, na kikundi ukijiunga uliza mapema hela inashikwa na nani na orodha ya wanachama iko wapi. Pia jifunze kusema hapana, waandaaji wanaochoka na kupotea nimewaona wengi na wote walikuwa wale wanaokubali kila kitu.

Mlinzi_wa_Seva (Dar)

Aisee asanteni sana, mmenifungua. Nimeshaandika kichwa cha mada: "Ubadilishaji fiche wa aina za data na athari zake katika utendaji". Mnaonaje?

Binti_Pangani (Atlanta)

Kizito kaka, mtu anaposoma ratiba ana vyumba vingine vinamwita. Weka tatizo lenyewe: "Indeksi ipo, kwa nini kumtafuta mteja mmoja kunasoma jedwali zima?" Halafu kuza maandishi, aliye kiti cha nyuma asome kwiri bila kukunja uso, ZoomIt ya Microsoft ni bure inakuza skrini vizuri. Na demo irekodi kabla, siku hiyo laptopu ikigoma unacheza video na unaendelea kuelezea.