Kukatwa mshahara kwa kuchelewa au kukosa kazini: tupeane uzoefu

Mzee wa Zamu
Wakuu, habari za leo. Mwisho wa mwezi umefika, na najua wapo wanaoirudia meseji ya benki wakidhani mtandao umekosea. Kazini kwetu pamebandikwa karatasi mpya juu ya mashine ya kidole: ukifika baada ya saa 2:10 asubuhi, faini shilingi 5,000. Ukifika saa 2:30, siku nzima huna, na kazi unafanya kama kawaida. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyesaini. Mimi natokea Kibamba, anayeijua Morogoro Road asubuhi ya mvua hahitaji maelezo.

Nimepitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 28. Makato yanayoruhusiwa ni ya kisheria kama kodi na NSSF, amri ya mahakama, mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi, au deni ulilokubali mwenyewe kwa maandishi. Faini ya kuchelewa sijaiona humo. Hiyo ndiyo sheria, ila getini ni habari nyingine. Tuambieni yaliyowakuta na mlivyojinasua. Majina ya kampuni tuyaache.

Keshia Mstaafu
Mimi kuchelewa hapana, kilichonitesa ni shoti, yaani pesa kupungua kwenye droo. Nilikuwa kaunta kwenye supamaketi moja Dar. Siku hiyo tumefunga hesabu usiku, supavaiza akachana kipande cha karatasi ya risiti, nyuma akaandika kwa biki "shoti 86,000", akagawanya kwa wanne, akatupitishia tusaini. Droo iliyopungua ilikuwa moja, na kila droo ina mtu wake. Wenzangu wakasaini maana magari yalikuwa yanaisha. Mimi nikaandika mbele ya jina langu: "nimeona, sijakubali".

Kesho yake nikaitwa ofisini, swali la kwanza: nani amekufundisha? Nikawaambia kifungu hichohicho cha 28 kinasema hasara iwe imetokana na kosa lako, uandikiwe imetokeaje na imehesabiwaje, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwisho wa mwezi wenzangu walikatwa, mimi sikukatwa. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Nasema yote ili mtu apime mwenyewe.

Mlinzi wa Usiku
Sisi ni saa 12 kwa saa 12. Ukichelewa kumpokea mwenzako unakatwa. Yeye aliyebaki lindoni akikusubiri halipwi ovataimu. Hiyo pesa naomba nionyeshwe inakokwenda.

Mzee wa Zamu
Mlinzi, umenichekesha na kuniumiza. Na hizo saa 12 zenyewe zina maneno: kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Iangalie slipu yako kama mstari huo upo.

Utumishi Mstaarabu
Nitasema ya upande wa pili wa meza, msinirushie mawe. Kutolipa saa ambazo mtu hakufanya kazi ni jambo moja, kumtoza faini ni jambo jingine. Mabosi wengi wanayachanganya, na sisi wa utumishi tunaogopa kuwaambia. Kwa kanuni za 2007, mchelewaji anaonywa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, akiendelea anaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kikao hicho apewe si chini ya saa 48 kujiandaa, na aruhusiwe kuja na mwenzake wa kazini au mtu wa chama.

Ila na nyie! Watu wanasainiana kwenye daftari, mmoja anaingia saa 1 anasaini watatu. Na kukosa ndiko kunakofukuzisha wengi: zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, hilo ni kosa kubwa. Anakuja siku ya nane na ED (cheti cha daktari cha kupumzika) mfukoni, kumbe angetuma hata meseji siku ya kwanza, na simu ikaihifadhi. Ugonjwa una likizo yake, siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Lakini daktari aandike.

Mama Pacha
Pacha wangu mmoja alilazwa, nikaambiwa nitumie likizo ya mwaka. Nikamwonyesha meneja kwamba kuna siku 4 za malipo kwa kuuguliwa na mtoto au kufiwa na mtu wa karibu. Akasema hajawahi kuziona. Akapiga simu makao makuu mbele yangu, akakata, akasaini fomu bila kuniangalia. Nilizitumia zote.

Pwani Tulivu
Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Mombasa, kazi za hoteli. Huku kwetu Kenya sheria ya ajira ya 2007 inakubali mwajiri akate ukikosa bila ruhusa, lakini siku moja kwa siku moja, tena uwe umekosa siku nzima. Meneja wetu alikuwa akikata mbili kwa moja, aita "funzo". Tulikwenda kwa afisa wa leba watu watano, barua ikaandikwa, funzo likaisha. Mtu akienda peke yake huonekana mkorofi.

Kijana wa Deiwaka
Wakuu, mimi nina miezi minne kiwandani, mkataba wa maandishi sina. Nilikatwa siku tatu kwa kuchelewa mara tatu. Haya yote yananihusu au ni ya wenye ajira?

Mzee wa Zamu
Yanakuhusu, ila kuna mahali uwe makini. Kinga ya kufukuzwa isivyo halali haimfikii mwenye chini ya miezi 6, kwa hiyo wakikutoa leo una pa kushikia padogo. Mshahara na makato ni suala tofauti, hilo unalo tangu siku ya kwanza. Kutokuwa na karatasi siyo kosa lako, kuandika masharti ya kazi ni jukumu la mwajiri. Ukitaka kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, madai ya pesa yana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, ya kufukuzwa ni siku 30 tu.

Kijana wa Deiwaka
Nilikatwa mwezi uliopita. Naanzia wapi?

Mzee wa Zamu
Bado muda unao. Fomu namba 1, ofisi yao ya mkoa wanayo. Nakala moja unampelekea mwajiri, na hakikisha anakusainia kwamba ameipokea, maana tume watakuuliza hiyo kwanza. Picha za mahudhurio yako unazo?

Kijana wa Deiwaka
Ninazo za wiki mbili.

Keshia Mstaafu
Kesho piga za wiki zilizobaki kabla hawajabadilisha daftari.