Ushauri: nirudi mwanzo kwa Lord Peter na Harriet Vane, au niwaache?

Msomaji wa Usiku:
Ndugu wapenzi wa riwaya, salamu kwenu. Kwa muuza vitabu vya mitumba nilinunua *Busman's Honeymoon* ya Dorothy L. Sayers, iliyotoka mwaka 1937, bila kujua kwamba wapelelezi wake wawili, Lord Peter Wimsey na Harriet Vane, walikuwa na historia ndefu nyuma yao. Nimewakuta wamekwisha kuoana, wako fungate katika nyumba ya shamba, na maiti imelala chumba cha chini. Mauaji niliyafuata vizuri. Aliyenishinda ni mke: anaona jinsi kesi inavyomtesa mumewe, anajua kwamba akimwomba ataiacha, lakini hamwombi. Mume wangu mimi anasema mapenzi katika riwaya ya upelelezi ni maji kwenye maziwa. Nifanyeje?

Babu Rafu:
Binti yangu, rudi *Strong Poison* ya mwaka 1930, kwa sababu hilo linalokutatiza lilianzia mahakamani. Harriet yuko kizimbani, anashtakiwa kumuua kwa aseniki mwanamume aliyewahi kuishi naye. Wazee wa baraza wanashindwa kukubaliana, kesi inaahirishwa, na Peter, aliyempenda kwa kumtazama tu, anautumia muda huo kumtafuta muuaji. Anamwokoa na kitanzi, naye Harriet anamkataa. Angewezaje kusema ndiyo kwa mtu anayemdai uhai wake? Sayers mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikusudia kumwoza Peter na kuachana naye katika kitabu hicho, akagundua kwamba mwanamke aliyemuumba hawezi kukubali posa ile na kubaki na heshima yake. Kwa hiyo posa zikaendelea kukataliwa kwa miaka.

Mpenda Fumbo:
Naomba kutofautiana na mzee wangu, kwa adabu. Mimi nasoma ili nimjue muuaji, na Peter anapoanza kunukuu mashairi huwa naruka kurasa. Dada, wajaribu Tommy na Tuppence wa Agatha Christie, walioanza mwaka 1922 wakiwa vijana wasio na kazi wala fedha baada ya vita, na tukawaaga mwaka 1973 wakiwa na wajukuu. Wanapendana, wanataniana, kazi inaendelea.

Mama Kalamu:
Mpenda Fumbo, hao ni wazuri, ila hawamjibu dada swali lake. Jibu liko katika *Gaudy Night* ya mwaka 1935, ambamo hakuna mauaji hata moja: kuna barua za matusi na uharibifu wa usiku katika chuo cha wanawake pale Oxford, na Harriet ndiye anayechunguza. Peter anajua kwamba mhalifu anaweza kumkaba. Mwanamume mwingine angemwambia aondoke; yeye anamfundisha namna ya kujinasua, kisha anamnunulia kola ya ngozi ya mbwa akinge nayo koo lake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka, halafu nikanyamaza, kwani ile kola ndiyo posa yenyewe. Ile ya mwisho, wakiwa wote wawili wamevaa majoho, anaitamka kwa Kilatini, akimwita kwa cheo chake cha kisomi, na mwandishi alijua uzito wa cheo hicho: alimaliza masomo Oxford mwaka 1915, akasubiri mpaka 1920 chuo kilipoanza kuwapa wanawake shahada.

Sasa mtazame tena mke wako wa mwaka 1937. Yule aliyeachwa aingie hatarini kwa hiari yake hawezi kumzuia mwenzake kwa machozi. Analipa kwa sarafu ileile.

Msomaji wa Usiku:
Nawashukuru nyote, shikamoo Babu. Sasa naelewa kwa nini ukurasa wa mwisho, usiku wa kuamkia kunyongwa kwa muuaji, Peter analia mikononi mwa mkewe, na mkewe hamwambii kwamba angemsikiliza. Nitaanza na ile ya kizimbani. Je, *Have His Carcase* ya mwaka 1932 naweza kuiruka?

Babu Rafu:
Usiiruke. Harriet anakuta maiti juu ya mwamba pwani, peke yake, maji yanajaa, naye anatoa kamera na kupiga picha kabla bahari haijaichukua. Sehemu za maandishi ya siri pitia haraka, hakuna atakayekuuliza.